Mwaka Nilipomchongea Balakros Ngao

Tulimzika Furaha mwezi uliopita. Baada ya mazishi tulirudi Bellevue, nyumbani kwa bintiye, tukakaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi mpaka jua likaondoka uani. Gloria, huyo bintiye, amekulia hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliniomba nisimame niwaeleze watu nilivyomjua mama yake. Nikasimama, nikasema tulikaa chumba kimoja, tukapakua sufuria moja, na kwamba mwaka mmoja mgumu alinishika mkono. Watu wakasema amina. Nilipokaa nilijua sijasema kitu. Vijana waliokuwa pale wanadhani maisha yetu ya wakati ule yalikuwa kupanga foleni za vibali na kusuka nywele tu. Lakini mwaka ule ulikuwa na gavana wa Kimakedonia ndani yake, mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na kwa ajili yake nusura nimharibie mtu maisha, na nusura mimi mwenyewe nifungwe.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, yenye dari za bati lililochapwa maua, na mwenye nyumba aliigawa kwa mbao nyembamba hadi ikawa vyumba tisa. Mimi, Furaha na Gloria, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea, tulikuwa na nusu ya kilichokuwa sebule. Dirisha kubwa la vioo vya rangi lilikatwa katikati na ukuta wa mbao: nusu yake yetu, nusu ya fundi cherehani Mrundi wa upande wa pili. Ukipiga chafya, Mrundi anakuombea heri. Jiko lilikuwa moja kwa wote, na nyuma ya jiko, palipokuwa stoo ya chakula zamani za wenyewe, alikaa Profesa Ilunga. Sote tulimwita Prof. Kwao Lubumbashi alikuwa amefundisha historia ya kale. Kigiriki na Kilatini alivipata seminarini kabla hajaukimbia upadri. Johannesburg alikuwa mlinzi wa mlango kwenye jengo moja la ghorofa kule Berea, akiwaandikisha wageni kwenye daftari. Kwenye rafu za chumba chake, ambako zamani walipanga mitungi ya jamu, alipanga karatasi. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu mtu mmoja aitwaye Balakros, na asubuhi nikichemsha maji ya chai nilimsikia nyuma ya mlango akisoma sentensi zake kwa sauti, anarudia neno moja mara tatu kama mtu anayejaribu kiatu.

Jumapili tulikula pamoja. Furaha alitoka Uvira, akapika bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na dagaa aliowaita ndagala. Mimi, mtu wa Tanga, nilileta wali wa nazi ya kopo, nikiomba radhi kila mara kwa ajili ya lile kopo. Prof alileta maneno. Wakati wa mambo madogo alisema Kiswahili cha kwao, na anapotaka kueleweka vizuri alihamia alichokiita Kiswahili cha vitabu, akinitazama mimi kana kwamba nimekileta kwenye begi kutoka Tanga.

"Angalia huyu mutu," alisema Jumapili moja, mkono wake umesimama na tonge. "Balakros, mwana wa Nikanori. Alikuwa mulinzi wa mwili wa Alexandre."

"Iskandari," nikasema.

"Njo ule, ni yeye. Alexandre anashinda vita, anamwacha Balakros atawale Kilikia. Anakaa mu muji wa Tarso."

"Tarso ya Paulo?" Furaha akauliza. Alikuwa mtu wa kanisa hasa.

"Tarso ya Paulo, mbele Paulo azaliwe. Sasa, mutu anapewa inchi ya bengine. Luga haijue. Mungu wabo hamujue. Anafanya nini? Anapiga feza, na ku ile feza anaacha mungu wa benyeji, Baali, amekaa ku kiti chake na fimbo. Miye ningekuwa Mumakedonia, ningeweka sura ya mufalme wangu. Yeye anaweka herufi moja tu ya jina lake. Moja, kadogo, pembeni. Kisha anaendelea kutawala."

Furaha alicheka, akasema angekuwa yeye angeandika jina lote, na la mama yake. Prof hakucheka. Alihamia kwenye Kiswahili cha vitabu. Alisema kwamba gavana yule aliuawa vitani akipigana na watu wa milimani, Wapisidia, wakati Iskandari bado yu hai, na kwamba yeye Prof alikuwa na dhana moja. Kabla ya kwenda kwenye vita ile lazima Balakros alipiga fedha ya kuwalipa askari wake Wamakedonia, na kwenye fedha ile, chini ya kiti cha Baali, angeweka alama ambayo askari wake wangeitambua: ngao ya kwao, ya duara. Hakuna aliyewahi kuiona sarafu ya namna hiyo. "Lakini lazima ilikuwepo," alisema. "Ikionekana, kitabu changu kinasimama. Na mimi nasimama." Akanichorea ngao ile kwa kidole kwenye unga uliobaki mezani. Nilimtazama vile kidole kilivyozunguka, na hilo ndilo kosa langu la kwanza, kwa sababu mkono wangu hausahau umbo.

Maana kazi yangu ilikuwa kuchonga. Nilijifunza Tanga kwa sonara, na Johannesburg nilikodi kona ya meza ghorofa ya tatu ya jengo moja Marshalltown, pamoja na masonara wawili waliotengeneza pete. Nilichonga majina ndani ya pete za ndoa, kwenye vikombe vya michezo ya shule, kwenye vibati vya shingo za mbwa. Chini, upande wa pili wa barabara karibu na robot, taa za kuongozea magari, palikuwa na duka la sarafu za kale la mtu aliyeitwa Gavin, mtu mpole wa sauti aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Alianza kunipa kazi mwanzoni mwa mwaka. Alitaka nakala za sarafu za kale, akasema, za shule, ili watoto wazishike mikononi. Alinipa picha na sarafu moja ya kweli, imelika hadi Baali amebaki bega na goti. Nilichonga vyuma viwili vya chapa, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, sura ikiingia ndani na kulia ikiwa kushoto, kisha unaweka kipande cha fedha katikati na kupiga nyundo. Nakala za kwanza zilikuwa butu. Za baadaye zikawa nzuri mno, nami nikalijua hilo.

Gavin alinitaka nisimwambie mtu, eti shule zinagombea bei. Nikanyamaza hata nyumbani. Leo najiuliza kwa nini sikuona. Fedha ya kupigia alikuwa akiileta mwenyewe, sarafu za kale zilizolika za kuyeyusha, na nakala ya mtoto wa shule haihitaji fedha ya kale. Niliona, lakini nilikuwa nimechonga majina ya mbwa kwa miaka mitatu, na huyu alikuwa mtu wa kwanza katika mji ule kunipa kazi iliyonishinda kwanza. Tena aliniahidi barua ya ajira, ile ambayo bila hiyo huombi kibali cha kufanya kazi. Sikuwa na kibali. Nilikuwa nikimwona polisi, navuka barabara.

Siku moja ya Juni akaja mezani kwangu, akasema, "Zu, nichongee ambayo hakuna mtu anayo. Kitu kidogo tofauti. Wewe una akili, tafuta."

Sikutafuta. Ilikuwa tayari mkononi. Nilichonga Baali kwenye kiti chake, zabibu na suke la ngano mbele yake, ile herufi moja ya gavana, na chini ya kiti nikachonga ngao. Nilichukua wiki tatu. Nilijiambia kwamba ikitoka vizuri nitaomba moja nimpelekee Prof iwe zawadi, aione japo kwa macho ile aliyoiota. Naamini kweli nilijiambia hivyo. Nilipoipiga na kuigeuza mwangani, masonara wote wawili waliacha kazi wakaja kutazama, na sijawahi kufurahi hivyo mbele ya kitu nilichokitengeneza, hata baada ya hapo. Gavin aliifunga kwenye kitambaa. Alichukua na vyuma vya chapa, vyote viwili. Nilipomwomba moja ya kumpa rafiki, alisema, "Baadaye."

Jumamosi moja ya Agosti, saa sita mchana, Prof aliingia jikoni bila kufunga mlango wa nje. Furaha alikuwa anaosha mchele. Prof alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikadhani amepata habari ya kifo kutoka kwao. Kisha akatoa picha kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani.

"Imeonekana," akasema.

Ilikuwa sarafu yangu. Imepakwa weusi kwenye mabonde yake, na ukingo umechakazwa kidogo, lakini ilikuwa yangu, kila kucha ya Baali. Prof alieleza kwa haraka, akichanganya lugha zake zote. Kulikuwa na mwenye duka Marshalltown ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akimwomba amsomee maandishi ya Kigiriki. Leo amemwonyesha hii. Imetoka kwenye mkusanyiko wa familia moja, akaambiwa. Kuna mnunuzi ng'ambo anayesubiri kauli ya mtaalamu. Na chuo kikuu kimoja mjini, ambacho kwa miaka minne hakikujibu barua zake, kimeletewa picha hii na mwenye duka na kimempa semina Ijumaa ya wiki ya pili. "Na kuna nafasi ya kufundisha," akasema, akakaa kitini. "Maman Zuhura, unaona? Ngao. Chini ya kiti."

Nilisema naona. Nilisema hongera. Furaha alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye mchele wake.

Furaha alinibana alasiri hiyo hiyo, tukianika nguo. "Weye umebadilika uso pale jikoni," akasema. "Ile picha unaijua." Nikamweleza yote, kuanzia kidole kwenye unga. Alisikiliza akiwa na kibanio cha nguo mdomoni. Kisha akakitoa. "Eish. Na ule bwana wa duka, anajua mko nyumba moja na Prof?"

"Hajui."

"Basi enda kwanza kwake. Mwambie arudishe."

Nilikwenda Jumatatu. Gavin hakukasirika. Alinikaribisha kiti. Nilimwambia najua sarafu imekwenda wapi, kwamba mtaalamu aliyempata ni mtu wa nyumbani kwetu, naomba aseme ukweli kabla ya semina. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mbele yangu: ile barua ya ajira, imeandikwa vizuri, jina langu bila kosa. Haikuwa na sahihi.

"Hii naitia sahihi Ijumaa ile ya semina, ikiisha tu," akasema. "Na ukienda kusema, Zu, fikiria kwanza utasema nini. Mimi nina risiti za nakala za shule. Kuchonga sijui, kila mtu anajua sijui. Ni mkono wa nani uliochonga?"

Nilitoka nikasimama kwenye robot ikabadilika mara tatu sikuvuka.

Siku zile zilikuwa ndefu. Mrundi alimshonea Prof koti la bluu, na jioni tulimsikia wote nyuma ya mbao akijipima na kuuliza kama bega limekaa. Wapangaji walimpongeza kwenye korido. Alikuwa amekata ndevu. Alianza hata kumfundisha Gloria kusema "Balakros", na mtoto akawa anasema "Baako" akielekeza kidole kwenye kila kitu cha duara, sahani, kifuniko, saa ya ukutani. Kila nilipoamua kusema, niliona lile koti. Kila nilipoamua kunyamaza, niliwaza siku ambayo mtaalamu mwingine, mahali pengine, angeiweka sarafu ile chini ya kioo na kuigundua, na jina litakalochekwa dunia nzima si langu wala la Gavin. Furaha hakunisukuma. Mara moja tu aliniambia, tukiwa tumelala, mtoto katikati yetu: "Ukisema, pengine wanakufukuza hii inchi. Hiyo ni kweli, sitakudanganya. Lakini ukinyamaza, mimi nitakuwa najua, na kila Jumapili tutakula naye. Mimi siwezi kupika hiyo chakula, Zuhura."

Alhamisi asubuhi, kesho yake ikiwa semina, nilikwenda Berea. Njiani nilinunua mche wa sabuni kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Prof alikuwa kwenye kijumba chake cha kioo mlangoni mwa jengo, daftari la wageni mbele yake, kofia ya ulinzi kichwani na hotuba yake chini ya daftari.

"Prof," nikasema, "sarafu ile nimeichonga mimi."

Alitabasamu kwanza. Kisha akaniuliza nani amenituma. Akasema ameishi na wivu chuoni kwao, anaujua kwa harufu, hakujua kwamba umemfuata hadi jikoni. Niliketi kwenye stuli, nikatoa patasi zangu, nikaanza kuchonga kwenye sabuni, kinyumenyume, kama kwenye chuma. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Mama mmoja mwenye mifuko ya viazi aliandika jina lake na kuuliza kama nauza. Kijana mmoja akasema, "Sharp, Prof," akapita. Prof aliwapa kalamu, akapokea kalamu, na macho yake hayakuondoka mkononi mwangu. Nilichonga mguu wa kiti, goti, mkunjo wa nguo, kisha ngao. Ilichukua karibu saa nzima. Kwenye droo yake kulikuwa na mishumaa ya akiba, ya kuwasha umeme ukikatika; nililainisha kipande cha nta kwa vidole, nikakandamiza kwenye sabuni, nikakibandua na kumwekea juu ya daftari.

Aliiinua nta ile, akaileta karibu na macho. Kisha akaiponda kwa kidole gumba.

"Toka," akasema.

"Prof, nilikuwa sijui kwamba..."

"Nimesema utoke. Kama wewe si mgeni wa mtu humu ndani, toka."

Nililia njia nzima hadi Bellevue. Usiku ule Prof hakula. Ijumaa asubuhi alikuwa ameondoka kabla hatujaamka, na koti halikuwepo kwenye msumari wake.

Furaha alifunga saluni yake ya kusuka nywele, akambeba mtoto mgongoni, tukaenda chuoni. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka niwepo pale nitakapokamatwa. Chumba kilikuwa na watu kama ishirini, na Gavin mstari wa mbele na sweta yake. Alipogeuka akaniona, aliinua nyusi na kugusa mfuko wa kifuani, palipokuwa na karatasi. Prof alizungumza Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani. Alimweleza Balakros kwa utulivu, jinsi alivyotoka kuwa mlinzi hadi kuwa gavana, jinsi alivyowaachia wenyeji mungu wao na kuweka herufi yake pembeni, jinsi alivyokwenda milimani na hakurudi. Alikuwa mzuri. Nilikuwa sijawahi kumwona akifundisha, na nilielewa alichopoteza alipokimbia kwao. Kisha akaweka picha ya sarafu yangu kwenye ukuta, kubwa kama mlango, na mkono wa Furaha ukashika wangu.

"Hii," akasema, "ni ya uongo. Imetengenezwa katika mji huu, mwaka huu. Niliombwa niithibitishe leo. Siwezi."

Mwanamke mmoja mwenye mvi akauliza ameijuaje.

"Ilinifurahisha mno," Prof akajibu. Watu wachache wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Na aliyeitengeneza?"

"Fundi hodari. Alidanganywa, kama mimi. Jina lake halina kazi katika historia ya Balakros." Hakunitazama. Gavin alikuwa ameshasimama, alipita karibu na miguu yetu, na Gloria akamwambia, "Baako."

Barua haikutiwa sahihi. Alasiri ile ile nilikwenda kuchukua vifaa vyangu vilivyobaki, nikaiacha ile kona ya meza, na kwa miezi mingi kila mlango ulipogongwa nilishuka kitandani na kuvaa viatu kwanza. Hakuna aliyekuja. Gavin hakuweza kunitaja bila kujitaja, na kabla mwaka haujaisha duka lake lilikuwa linauza simu. Nilirudi kwenye vibati vya mbwa, nikivichongea mezani jikoni, na kibali nilikuja kukipata kwa njia ndefu nyingine. Prof hawakumpa nafasi ya kufundisha. Walimshukuru, wakampa chai, wakamwambia kitabu kikiisha awatumie. Dhana ya ngao aliiondoa kwenye kitabu, kurasa arobaini, na aliendelea kukaa kwenye kijumba cha kioo. Jumapili alikula nasi. Alinisalimia, akapokea sahani kutoka mkononi mwangu, akasema merci, na hakuniambia neno lingine kuanzia Agosti hadi Desemba, alipoamua kurudi Lubumbashi.

Siku ya safari nilimsaidia kufunga karatasi kwenye maboksi ya ndizi. Sikuombwa, niliingia tu stoo ile nikaanza. Tulifanya kazi bila kusema hadi rafu ya mwisho. Nikaona kwamba nisipoongea sasa sitaongea tena, nikamwomba msamaha. Nilimwambia nilimwibia ndoto yake, nikamletea habari ile siku moja tu kabla, na kwamba kila siku naiona ile nta alivyoiponda.

Aliketi juu ya boksi. Alizungumza Kiswahili cha vitabu.

"Mstari wa ile ngao ulikuwa safi mno," akasema. "Mafundi wa Tarso walikuwa na haraka, walikuwa na jeshi la kulipa. Wewe hukuwa na haraka. Nililiona hilo dukani, siku ya kwanza, nikiwa bado nimeishika. Niliirudisha kwenye kitambaa, nikaja nyumbani nikawaambia imeonekana."

Nilibaki na kamba mkononi.

"Kwa hiyo usijisumbue kwamba uliniambia," akaendelea. "Hukuniambia kitu nisichokijua. Ulinionyesha tu kwamba tuko wawili tunaojua. Ingekuwa mimi peke yangu, Zuhura, ningeithibitisha."

Nje gari lilipiga honi. Akasimama, akajipangusa suruali, akainama upande mmoja wa boksi na kunisubiri niinamie upande wa pili.